Kwa nini seva ya barua pepe haiboreshwi kwa siku moja

Mafundi wanaohudumia ofisi ndogo za Nairobi wanalijua lalamiko hili kwa moyo. Kampuni ya vipuri iliyoko Industrial Area imesajili jina lake la .co.ke na kukodi seva. Fundi ameweka Postfix ya kupokea na kupeleka barua, na Dovecot ya kuzihifadhi ili zisomwe, bila kulipia leseni hata shilingi. Muda si muda ankara ya mteja wa Mombasa inaangukia kwenye sanduku la barua taka. Kisha fundi anaziba tundu moja la usalama kama watengenezaji walivyoshauri, na ile skana ya mapokezi, ambayo imekuwa ikituma nakala miaka nenda miaka rudi, inagoma. Mkurugenzi anamwita: "Kijana wangu, hawa wanaotengeneza hii programu, kwani kurekebisha vitu viwili kunawashinda?"

Hakuwashindi. Cha kwanza kwa sehemu kubwa si chao kurekebisha, na cha pili wamekirekebisha, ndiyo maana skana imegoma. Anayeendeleza seva huria ya barua pepe, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, anaandika msimbo utakaozungumza na programu ambazo hajawahi kuziona. Nyingine ziliandikwa kabla hajazaliwa, na hana namna ya kuzilazimisha zibadilike. Ukilishika hilo, mwendo wa polepole unaofanana na uzembe unaanza kueleweka.

Tutenganishe kazi kwanza. Itifaki ya kupelekeana barua kati ya seva na seva ni SMTP, iliyochapishwa mwaka 1982 katika waraka RFC 821 wa Jon Postel. Kusoma barua zilizokwisha kufika ni kazi ya itifaki nyingine, hasa IMAP. Kuchuja taka kuna programu zake, kama SpamAssassin na Rspamd. Kwa hiyo anayesema "seva ya barua pepe" huwa anazungumzia programu tatu nne zilizofungwa pamoja, kila moja na watengenezaji wake na kalenda yake. Hapa nitakaa zaidi na ile ya SMTP, maana ndiyo inayoongea na watu isiowajua.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na Sendmail ya Eric Allman, iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ilikuwa programu moja kubwa iliyofanya karibu kila kitu huku ikiwa na mamlaka ya msimamizi mkuu wa mfumo, yaani root, hivyo kosa dogo popote lilitosha kumkabidhi mvamizi mashine nzima. Novemba 1988 mnyoo wa Morris, programu haribifu iliyojisambaza yenyewe, ulienea kwa njia kadhaa, mojawapo ikiwa amri ya majaribio iliyoachwa wazi ndani ya Sendmail.

Miaka ya 1990 wakaja waliouliza kila kipande cha programu kinyimwe nini. Daniel J. Bernstein alitoa qmail 1.0 mwaka 1997. Wietse Venema, Mholanzi aliyekuwa mtafiti wa IBM nchini Marekani, akatoa mwaka 1998 programu ambayo leo tunaiita Postfix. Ndani yake kipande cha smtpd ndicho kinachozungumza na nje, na kinaendeshwa na mtumiaji asiye na mamlaka ya root. Cleanup husafisha barua na kuiandika kwenye foleni, qmgr hupanga foleni hiyo, na smtp huipeleka kwa seva nyingine. Anayefanikiwa kuipenya smtpd bado hajafika kwenye masanduku ya watumiaji. Ni maboresho ambayo mkurugenzi hatayaona kamwe kwenye skrini, na kwa maoni yangu ndiyo makubwa kuliko yote yaliyowahi kufanywa kwenye programu za aina hii.

Kipande cha cleanup kinastahili kutazamwa kwa karibu, hasa na mtu anayeishi katika mji ambao stima hupotea mchana kweupe. Seva ikipokea barua humjibu mtumaji kwa tarakimu. Kwenye Postfix jibu lenyewe huwa hivi: 250 2.0.0 Ok: queued as, likifuatwa na namba ya foleni. Hiyo 250 ni sawa na sahihi ya karani wa mapokezi kwenye kitabu cha mesenja: kuanzia hapo bahasha ikipotea, atakayeulizwa ni aliyesaini. Mtumaji sasa anaruhusiwa kufuta nakala yake. Kwa sababu hiyo Postfix haitamki 250 mpaka iuagize mfumo endeshi uisukume barua hadi kwenye diski yenyewe, isibaki kwenye kumbukumbu ya muda, na mfumo ukajibu kwamba imefika. Stima ikipotea kabla ya 250, mtumaji atajaribu tena. Ikipotea baada yake, barua itakutwa kwenye foleni seva ikiwaka.

Kusubiri diski kunagharimu muda. Anayepima kasi atashawishika kuondoa kusubiri huko, na kweli namba zake zitapendeza hadi siku stima itakapokatika. Kuna mtego mwingine: baadhi ya diski za bei rahisi hujibu "imefika" wakati data bado iko kwenye kumbukumbu yake ya ndani. Hapo hakuna mstari wa msimbo wa Postfix utakaokuokoa. Nunua UPS.

Uvumilivu uko pia upande wa kutuma. Barua isiyopokelewa hukaa kwenye foleni ya Postfix siku 5 kwa chaguomsingi, ikijaribiwa tena kwa vipindi vinavyozidi kurefuka, kabla ya kurudishwa kwa mwenyewe. Itifaki hii ilibuniwa kwa mitandao inayokatikakatika, na Kenya ya kabla ya nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka 2009 ilikuwa mojawapo.

Sasa tuje kwenye nukta, kwa sababu ndiyo inayoeleza kilichoipata skana.

Barua inapotumwa kwa SMTP, mtumaji anasema DATA, anajibiwa 354, kisha anamimina barua mstari kwa mstari. Seva itajuaje kwamba barua imeisha? Itifaki inasema: ukifika mstari wenye nukta peke yake. Na mstari, kwa mujibu wa itifaki, unaishia kwa herufi mbili zisizoonekana, CR kisha LF. Ni urithi wa mashine za teletaipu, ambako ya kwanza ilirudisha kichwa mwanzo wa mstari na ya pili ikasogeza karatasi. Ikitokea maandishi ya barua yenyewe yana mstari unaoanza kwa nukta, mtumaji huongeza nukta ya pili na mpokeaji huiondoa, ili isidhaniwe ni mwisho.

Unix haikufuata desturi hiyo. Mstari wake huishia kwa LF tu. Programu nyingi zilizoandikwa kwa haraka, pamoja na vifaa vya ofisini, zikawa zinatuma LF tupu, na seva zikavumilia. Postel mwenyewe alikuwa amefundisha kwamba programu iwe makini katika inachotuma na isiwe mkali katika inachopokea. Bila kanuni hiyo sidhani mtandao ungeenea kwa kasi ulivyoenea. Kwa miongo kadhaa wengi hawakuona hatari yoyote katika kifaa kinachosahau CR.

Desemba 18, 2023 kampuni ya usalama ya SEC Consult ikatangaza mbinu ya kupitisha barua kwa magendo ndani ya barua nyingine. Tuseme seva A haichukulii LF, nukta, CR na LF kuwa mwisho wa barua. Kwake hayo ni maandishi tu, inayapitisha yalivyo. Seva B ni mvumilivu, na kwake huo ni mwisho. Mshambuliaji mwenye akaunti halali kwenye A anaandika barua moja, na katikati yake anatia ule mwisho bandia, kisha amri kamili za SMTP: MAIL FROM yenye anwani ya mkurugenzi ambaye kikoa chake nacho kinahudumiwa na A, RCPT TO ya mhasibu, DATA, halafu maneno ya kuagiza malipo. A imeona barua moja. B imeona mbili, na ya pili imetoka kwenye anwani ya IP ya A, ambayo ndiyo hasa iliyoidhinishwa kutuma barua za kikoa cha mkurugenzi. Ukaguzi wa SPF, unaoangalia kama seva iliyotuma imeruhusiwa na mwenye kikoa, unaipitisha.

Ukiikagua A peke yake unaweza usiione kasoro. Ukiikagua B peke yake, vilevile. Shida iko kwenye tofauti ya tafsiri kati yao. Postfix, Exim na Sendmail zote ziliguswa, na Postfix ililalamika waziwazi kwamba taarifa ilitolewa bila kupewa nafasi ya kujiandaa, tena wiki moja kabla ya Krismasi, ofisi zikifungwa.

Tazama watu wa Postfix walivyolitatua. Njia ya mkato ingekuwa kukataa kila mstari wenye LF tupu. Mpangilio huo upo, unaitwa smtpd_forbid_bare_newline, na ukiupa thamani ya reject (kwenye toleo la kwanza iliitwa yes) ndivyo unavyofanya. Huo ndio uliozima skana ya mapokezi. Lakini ulipoongezwa kwenye toleo 3.8.4 na matawi ya zamani zaidi, yaani matoleo ya nyuma yanayoendelea kutunzwa, ulikuja ukiwa umezimwa, kwa kuwa anayesasisha tawi la zamani hatarajii barua za ofisi zikome usiku huohuo. Baadaye ikaongezwa thamani ya tatu, normalize: mistari ya kawaida inayoishia LF inapokelewa na kunyooshwa, ila mwisho wa barua lazima uwe ule rasmi, CR, LF, nukta, CR, LF. Ni toleo 3.9 la mwaka 2024 lililoifanya normalize kuwa chaguomsingi. Vifaa vya mtandao wa ndani wa seva husamehewa, ila skana yetu iko nje yake kwa kuwa seva ni ya kukodi. Fundi wetu angebadilisha neno moja kwenye faili la mipangilio, reject liwe normalize, na skana ingeamka, mradi inamalizia barua kwa mwisho ule rasmi.

Mimi naihesabu thamani hiyo ya tatu kuwa kazi ngumu kuliko mbili za kwanza. Kuruhusu kila kitu ni rahisi, kukataza kila kitu pia ni rahisi. Kutafuta mahali pembamba ambapo mshambuliaji anazuiwa na skana ya mwaka 2009 inaachwa iendelee kunataka mtu anayekumbuka itifaki neno kwa neno na anayejua watu wanavyoikiuka.

Exim ilipita njia hiyo kwa maumivu zaidi. Ilianzishwa na Philip Hazel katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1995, na nguvu yake ni lugha ya mipangilio inayoweza karibu kila kitu, ikiwemo kuendesha amri za mfumo. Kwenye matoleo 4.87 hadi 4.91, anwani ya mpokeaji iliyotungwa kwa ustadi iliweza kuifanya seva iendeshe amri ya mshambuliaji kwa mamlaka ya root. Cha kusikitisha, toleo 4.92 la Februari 2019 lilikuwa limeshaondoa kasoro hiyo bila mtu kutambua kwamba ilikuwa tundu la usalama. Kampuni ya Qualys ilipolieleza Juni mwaka huohuo, walioahirisha kusasisha wakagundua walikuwa wamelala mlango wazi.

Dawa waliyoichagua watengenezaji wa Exim iligusa mzizi. Data yoyote inayotoka nje hupigwa alama ya uchafu, na programu hukataa kuitumia mahali pa hatari, kwa mfano kama jina la faili, mpaka ipitishwe kwenye ukaguzi. Toleo 4.94 la mwaka 2020 liliposhikilia sheria hiyo, mipangilio iliyofanya kazi miaka mingi ikavunjika. Wasimamizi wakapiga kelele, na baadaye ukaongezwa mpangilio wa muda wa kugeuza katazo kuwa onyo. Watengenezaji walikuwa sahihi kuhusu usalama, lakini hawakumpa msimamizi nafasi ya kujiandaa. Ukilinganisha, Postfix tangu toleo 3.0 la mwaka 2015 ina namba inayoitwa compatibility_level: ukisasisha bila kuigusa, chaguomsingi za zamani zinabaki, na logi, yaani daftari la matukio la seva, inakuandikia kila mahali ambapo mpangilio wa zamani umetumika. Unasoma, unarekebisha, kisha unapandisha namba kwa wakati wako.

Kuna wanaodai kwamba suluhisho ni kuandika upya kila kitu kwa lugha ya kisasa. Stalwart, iliyoandikwa kwa Rust, inaweka SMTP, IMAP na itifaki mpya ya JMAP ndani ya programu moja, kinyume kabisa cha Postfix. Hoja yao ina uzito: lugha yenyewe ikizuia makosa ya kumbukumbu, ile haja ya kukatakata programu vipande inapungua. Naipenda, na ningeiweka kwenye ofisi mpya isiyo na mizigo ya zamani. Ila kumbuka kwamba magendo ya nukta hayakuwa kosa la kumbukumbu, wala lile la Exim la 2019. Yote mawili ni makosa ya maana, na kwa makosa ya namna hiyo Rust haikusaidii kitu.

Na ile ankara ya Mombasa? Hapa programu haina lawama kubwa. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanataka kila mtumaji awe na SPF au DKIM. Google inawataka wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail wawe na vyote viwili pamoja na DMARC. SPF hutangaza kwenye DNS, ile orodha ya mtandaoni ya majina na anwani zake, ni seva zipi zinaruhusiwa kutuma kwa jina lako, DKIM huitia barua saini ya kidijitali, na DMARC humwambia mpokeaji afanye nini vikikosekana na kama vinalingana na anwani anayoiona msomaji. Seva huria inaweza kusaini barua vizuri kabisa. Haiwezi kukununulia sifa. Anwani ya IPv4 uliyokodi jana huenda juzi ilikuwa ya mtuma taka, na ya laini ya faiba ya nyumbani Nairobi mara nyingi imeorodheshwa na Spamhaus, shirika linalotunza orodha za kuzuia taka, kuwa haitarajiwi kutuma barua moja kwa moja, hata kama mwenyewe hujafanya kosa.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba rekodi hizi zinakaa kwa watu tofauti. SPF, DKIM na DMARC huwekwa mahali DNS ya kikoa chako cha .co.ke inapoendeshwa, na hapo una mamlaka. Rekodi ya kinyume, ile ya kutoka anwani ya IP kwenda jina, iko mikononi mwa mwenye IP, yaani kampuni iliyokukodisha seva. Ukiiomba KENIC, inayosimamia majina ya .ke, au aliyekusajilia jina, watakuambia si kazi yao, na watakuwa wanasema kweli. Nimeona ofisi ikilumbana na msajili wake wiki nzima kwa jambo ambalo lilihitaji ombi moja kwa mwenye seva.

Kuhusu watu walio nyuma ya programu hizi, leseni ina usemi mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Bernstein hakuruhusu matoleo ya qmail yaliyorekebishwa yasambazwe hadi alipoiachia umma mwaka 2007. Kwa miaka hiyo yote maboresho ya watu yalizunguka kama viraka vya kubandika mwenyewe juu ya toleo 1.03 la mwaka 1998. Programu iliyoandikwa kwa uangalifu wa ajabu ikabaki nyuma. Postfix kwa upande wake imetegemea sana jicho la Venema, na bado hutoa toleo kuu takriban kila mwaka huku ikitunza matawi manne kwa pamoja. Dovecot, iliyoanzishwa na Timo Sirainen wa Finland mwaka 2002, ina kampuni nyuma yake, na kampuni ina vipaumbele vyake: toleo 2.4 la mwaka 2025 lilidai faili la mipangilio liandikwe upya, na likaondoa uwezo wa kunakilisha masanduku kiotomatiki kati ya seva mbili ambao ofisi ndogo nyingi ziliutegemea. Walikuwa na haki ya kufanya hivyo. Waliotegemea uwezo huo nao walikuwa na haki ya kukasirika.

Msanidi wa Nairobi anayetaka kushiriki asianze kwa kuandika kipengele kipya. Miradi hii imekataa vipengele vingi kuliko ilivyovikubali. Kinachopungua ni mashahidi wazuri: mtu mwenye laini inayosuasua, wateja wenye vifaa vya ajabu na stima ya kubahatisha, anayejaribu toleo kabla halijatoka na kueleza kilichotokea. Maelezo hayo yana umbo lake. Toa matokeo ya postconf -n, ambayo huonyesha mipangilio uliyoibadilisha tu, toleo kamili la programu, na mistari ya logi kama ilivyo, kama maandishi. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu haitafutiki wala hainakiliki. Funika nywila na anwani za wateja, ila usikate mistari unayodhani haihusiki, kwa sababu jibu hupenda kukaa humo. Na kabla ya kuweka toleo la majaribio kwenye seva yenye barua za kweli, washa soft_bounce: majibu ya kukataa kabisa, ya aina ya 550, hugeuzwa kuwa ya muda, na barua husubiri kwenye foleni za watumaji huku ukitafuta ulichoharibu.